Ziwa la Mtaa wa Karakana

Msomaji, iko nchi moja iitwayo Tuseme. Usihangaike kuitafuta kwenye ramani, maana wachora ramani waliombwa waiache kwanza mpaka imalize kujiandaa. Mji wake mkubwa ni Jiji la Murua, lenye meya mmoja, madiwani arobaini na mmoja, na mtaro mmoja wa maji ya mvua. Ukiona humu jambo linalofanana na la kwenu, pole sana, lakini usiwalaumu watu wa Tuseme, wao wana yao ya kutosha.

Katika jiji hilo aliishi mtumishi wa Halmashauri, Bwana Nasibu Kilindo, ambaye kazi yake ilikuwa kupaka X. Nyumba ikionekana iko karibu mno na barabara, au na bonde, au na kiwanja ambacho mkubwa fulani amekipenda, Nasibu alitumwa na ndoo ya rangi nyekundu, akapaka alama ukutani, na baada ya siku kumi tingatinga likaja kumalizia. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa. X zake zilinyooka hivi kwamba hata wenye nyumba, wakishamaliza kulia, walikubali kuwa mkono anao. Wala hakuwa mtu mbaya. Alipiga hodi, akaamkia wakubwa, akauliza hali za watoto, ndipo akachovya brashi.

Mambo ya ziwa yalianza na usafi. Murua ilitaka kushinda mashindano ya miji safi, na madiwani wakaona njia ya haraka ya kuwa safi ni kuandika kwamba ni safi. Likaletwa bango kubwa la chuma lenye picha ya Mstahiki Meya Tegemeo Mbarazi ameshika ufagio kwa namna ya mtu aliyeonyeshwa ufagio siku hiyo hiyo, na chini yake maneno: MURUA, JIJI SAFI KULIKO YOTE. Bango zito namna hiyo lilihitaji msingi wa zege, na msingi ulihitaji shimo. Mafundi walipofika mbele ya lango la Halmashauri wakakuta shimo zuri limeshachimbwa na kujengewa kwa mawe. Walimshukuru Mungu, wakamwaga zege humo mpaka juu, wakaenda zao mapema. Shimo lile lilikuwa mdomo wa mtaro.

Masika ilipofika, maji yakateremka kama kila mwaka, yakafika pale, yakakuta Meya amesimama. Yakarudi nyuma yakatulia kwenye uwanja ulio kati ya Halmashauri, upande wa magharibi, na nyumba za Mtaa wa Karakana, upande wa mashariki. Yakakaa mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Vyura wakahamia na familia zao. Mbu wakazaliana, na katika Mtaa wa Karakana ikawa hakuna nyumba isiyo na mtu anayetetemeka chini ya blanketi saa saba mchana. Wakazi wakaandika barua: tunaomba mtuzibulie mtaro.

Nasibu hakutia sahihi barua hiyo, ingawa alikuwa mkazi wa mtaa huo huo na binti yake, Sikudhani, alikwishaugua mara mbili. Alisema mtumishi wa umma hawezi kujiandikia barua mwenyewe. Mkewe, Mwantumu, alitia sahihi kwa niaba ya nyumba nzima, na akaikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Nyumba yenyewe ilikuwa kazi ya mikono yake. Alifyatua matofali mwenyewe kwa miaka kumi na mmoja, akiyaanika, akiyafunika mvua ikitaka kunyesha, na ilipoisha akapaka dirisha la mbele rangi ya samawati. Kila alfajiri alilifuta lile dirisha kwa kitambaa kibichi hata siku ambazo halikuwa na vumbi.

Barua ilifika kwenye kikao cha Baraza la Madiwani mwezi wa sita wa dimbwi. Nasibu alikuwepo, amesimama ukutani na watumishi wengine, na ndiyo maana tunayajua haya.

"Waheshimiwa," Meya alianza, "wananchi wetu wapendwa wanatuomba tuzibue mtaro. Ni ombi zuri. Lakini kuzibua mtaro ni kuvunja msingi, kuvunja msingi ni kuangusha bango, na kuangusha bango ni kuangusha usafi. Mnataka tuangushe usafi?"

"Hapanaaa!" waliitika madiwani, wengine wakiwa na sambusa mdomoni.

Bwana Afya wa Jiji akaombwa atoe taarifa ya mbu. Alisema mbu wapo, ila amewachunguza na kuridhika kwamba hawaumi kwa nia mbaya. Baraza likapokea taarifa kwa makofi.

Ndipo akasimama Mwanasheria wa Jiji, Bibi Anselima Ruhangisa, mwanamke mwembamba aliyekuwa na jibu kabla ya swali. "Mstahiki Meya, nimepekua sheria zetu ndogo. Kifungu cha kumi na nne kinasema maji yaliyokaa mahali pamoja siku mia na themanini bila kuondoka ni ziwa. Leo ni siku ya mia na themanini na mbili. Kwa hiyo hakuna dimbwi. Wananchi wanalalamikia kitu ambacho hakipo."

Ukumbi ulilipuka kwa furaha. Kwa kauli moja Murua ikapata ziwa, na kwa kauli moja ikawa haina dimbwi hata moja. Mbu wakapandishwa daraja kuwa viumbe wa ziwani, ikawa marufuku kuwapulizia dawa. Kamati ya Makazi nayo haikutaka kuachwa nyuma, ikakumbusha kwamba sheria ya mazingira inakataza mtu kuishi au kujenga ndani ya mita sitini kutoka ukingo wa ziwa, kwa kuwa binadamu huwachafulia vyura.

"Nasibu!" Meya aliita. "Rangi ipo?"

"Ipo, Mstahiki."

"Basi kapime."

Nasibu alitoka na futi kamba yake ndefu na ndoo yake. Alianzia kwenye maji akavuta kuelekea mashariki, nyumba hadi nyumba. Akapaka kwa Fundi Kapalata, fundi wa mabomba. Akapaka kwa mjane anayeuza uji. Akapaka nyumba kumi na saba, na kila moja alipiga hodi kwanza. Alipofika kwenye dirisha la samawati, akaweka ndoo chini. Akavuta kamba, akasoma, akasoma tena: mita sitini na nne. Alikaa kwenye baraza yake akacheka peke yake, na siwezi kumficha msomaji kwamba siku hiyo hakuwafikiria kabisa wale kumi na saba.

Furaha hiyo ilidumu siku nne. Siku ya tano Meya alisafiri kwenda jiji la jirani, akaonyeshwa ziwa lao, akarudi amenuna. Aliitisha kikao cha dharura.

"Ziwa la wenzetu ni kubwa kuliko letu," alisema, na sauti ilikuwa ya mtu aliyefiwa. "Je, Murua ni jiji la kuzidiwa?"

"Hapanaaa!"

"Kwa hiyo napendekeza ziwa letu lipanuliwe. Mita kumi kila upande."

Diwani mmoja mgeni, ambaye bado hajazoea, aliuliza maji ya kupanulia yatatoka wapi. Alijibiwa kwamba Baraza ndilo linalopanua, maji yatafuata kwa wakati wake. Likapita. Kesho yake vikapigwa vigingi kwenye ardhi kavu, mita kumi kutoka kwenye maji, na hapo pakawa ndipo ukingo. Muuza mkaa aliyekuwa na genge lake pale akaambiwa yuko kwenye kina kirefu, ama ahame au avae jaketi la kuokolea maisha. Alivaa jaketi. Mwanamke mmoja aliyeanika mchele akaandikiwa onyo kwa kuvua bila kibali.

Na Nasibu akatumwa tena kupima. Mita sitini na nne ukitoa kumi ni hamsini na nne, hesabu hiyo haihitaji elimu ya juu. Alisimama mbele ya nyumba yake na ndoo. Mwantumu alitoka akasimama mlangoni, Sikudhani nyuma yake.

"Baba Sikudhani," alisema Mwantumu, "hutapaka."

"Mama Sikudhani, ni kazi. Nikiruka kwangu, nitawatazama vipi wale niliowapakia?"

"Wewe ulikuwa unawatazama?"

Nasibu alisogea mlangoni. Alipiga hodi kwenye nyumba yake mwenyewe, kwa mazoea, akaamkia, hakuna aliyeitikia. Akapaka. Ilikuwa X iliyopinda, ya kwanza kupinda katika miaka kumi na tisa, na mguu mmoja wa X hiyo ulipita juu ya dirisha la samawati.

Tangu saa hiyo Mwantumu hakumsemesha. Chakula alipewa, maji ya kuoga alitengewa, lakini neno hakupata. Jambo lililompasa kulisikia aliambiwa kuku, wakati yeye yuko karibu, kama wafanyavyo wanawake wa Murua wanapokuwa na hasira ya kudumu. Nasibu alikuwa akikaa barazani na Mwantumu anamwaga pumba uani, anamweleza kuku habari za ulimwengu.

"We kuku," alisema siku ya nne, "hebu nieleze. Ziwa si lina pande zote? Sasa mtu mwenye futi kamba, macho mawili na mshahara wa Halmashauri, kwa nini anapima upande wa Karakana tu? Upande wa pili hakuna mita? Au kamba yake haivutiki kuelekea kwa wenye viyoyozi?"

Kuku alidonoa pumba. Nasibu aliacha chai yake ipoe. Miaka kumi na tisa, kila alipotumwa kupima, aliipa barabara kuu mgongo na kuvuta kamba kuelekea vichochoroni. Hakuna aliyewahi kumwamuru hivyo. Aliyemfundisha kazi alipima hivyo, naye akapima hivyo, na haikumpitia akilini kwamba kamba ina uwezo wa kugeuka. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alinyanyuka, akachukua ndoo, akasahau kofia.

Alianzia kwenye kigingi cha magharibi, akavuta. Akapita bango, akapita bustani ya maua, akapita gari la Meya, akafika kwenye ukuta wa ukumbi wa Halmashauri. Mita arobaini na nne. Ndani, madiwani walikuwa wanajadili kama ziwa liwe na siku yake ya kitaifa. Nasibu alipiga hodi. Hakuna aliyesikia, kwa sababu ya makofi. Akachovya brashi akapaka X upande wa kulia wa mlango, kubwa, iliyonyooka kama barua ya mwanasheria, halafu akasimama pembeni kusubiri rangi ikauke.

Waheshimiwa walitoka kwa ajili ya chai wakaiona.

"Nani kafanya huu uhuni?" Meya alinguruma.

"Si uhuni, Mstahiki. Ni mita arobaini na nne. Tafadhali, mnaweza kupima."

Walipima. Walipima mara tatu, na mara ya tatu Meya mwenyewe alishika ncha ya kamba na kuilegeza kidogo, lakini haikusaidia. Kibaya zaidi, Bibi Anselima alikumbusha kwamba ni marufuku kufanyia shughuli za umma ndani ya jengo lenye X, na kwamba X haifutwi ila kwa azimio la Baraza lililokaa kikao halali. Kwa mara ya kwanza sheria za Murua ziliwahusu waliozitunga, na walionekana kushangaa sana jinsi zilivyo kali.

Basi viti vikatolewa nje, vikapangwa kando ya ziwa. Kilikuwa kikao cha Ijumaa alasiri, na tingatinga lilikuwa limepangiwa kufika Karakana kesho yake saa tatu asubuhi. Nasibu aliambiwa asimame karibu na ndoo ya maji na brashi ya kusugulia, tayari kwa azimio. Hotuba zilikuwa nyingi. Ilipogonga saa kumi na mbili jioni wale viumbe wa ziwani wakainuka majini, wakahudhuria wote. Bwana Afya alijipiga kofi la shavu katikati ya sentensi. Diwani mmoja alivuta soksi mpaka magotini. Meya alianza kuhutubia kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa na kazi ya shingo.

"Mwanasheria!" alisema. "Haraka, tafadhali. Kuna njia?"

"Njia ipo siku zote, Mstahiki. Tatizo letu ni ziwa kuwa ziwa pande zote. Napendekeza azimio hili: maji haya, kwa upande wa mashariki, ni Ziwa. Kwa upande wa magharibi, ni dimbwi. Dimbwi halina mita sitini. Ukumbi unafutwa X, Karakana inabaki na zake."

Msomaji, kulikuwa na watu waliolia kwa furaha. Likapita kwa kauli moja, kwa mikono iliyonyooshwa na kurudishwa upesi kukuna.

Nasibu alisogea hatua moja. Alijiona kama mtu anayevuka uzio wa jirani. "Mstahiki Meya, samahani. Ili nifute X lazima niwe na azimio mkononi. Na liseme wazi kwamba upande huu ni dimbwi."

"Liandikwe!" alisema Meya, tayari amesimama. "Dimbwi! Dimbwi kabisa! Piga muhuri tuondoke hapa."

Likaandikwa, likapigwa muhuri mara mbili. Nasibu alifuta X ya ukumbi vizuri mpaka ukuta ukang'aa, akaenda nyumbani na karatasi yake kifuani.

Alfajiri, saa kumi na mbili, alimgongea Fundi Kapalata.

"Umekuja kupaka tena?" aliuliza Kapalata bila kufungua. "Zimebaki wapi? Nikupe na mgongo wangu?"

"Nimekuja kukuomba radhi, Fundi. Halafu nimekuja kuazima mtaimbo."

Mlango ukafunguliwa. Nasibu akamsomea azimio, kisha akatoa kijitabu cha Sheria Ndogo za Afya, ambacho alikijua kwa moyo kwa vile alikuwa amekwishawaandikia watu wengi onyo kwa kukitumia. Kifungu cha saba: dimbwi lolote likionekana ndani ya jiji lizibuliwe ndani ya saa ishirini na nne, na kizuizi chochote kiondolewe, kiwe cha mtu yeyote. Mtumishi wa Halmashauri atakayeliona akaliacha, ashitakiwe.

"Mimi nimeliona," alisema Nasibu.

Kapalata alikichukua kijitabu akakisoma mwenyewe. Halafu akaingia ndani akatoka na mitaimbo miwili na nyundo kubwa, na akapiga mluzi mtaa mzima usikie.

Walikwenda wote kumi na wanane, wenye nyumba zenye X, pamoja na muuza mkaa akiwa bado kwenye jaketi lake. Walisimama upande wa magharibi tu, Nasibu alilisisitiza hilo, asiwepo mtu hata mmoja wa kukanyaga ziwa. Walipiga zege kwa saa moja na nusu. Lilipopasuka, bango liliyumba, likafikiria kidogo, likalala chali topeni na Meya akiwa bado ameshika ufagio wake. Mtaro ukakoroma. Maji ya dimbwi yakaanza kuingia, na maji ya ziwa, ambayo hayakuwa yamehudhuria kikao, yakayafuata. Hadi saa mbili na nusu pale pamebaki tope, viatu visivyo na wenzake, na vyura wanaotazamana.

Saa tatu kamili tingatinga lilifika. Dereva wake alikuwa mtu wa makaratasi. Alishuka, akafungua amri yake, akatazama huku na huku.

"Hapa nimeandikiwa nibomoe kuanzia ukingo wa maji, mita sitini," alisema. "Maji yako wapi?"

Akapanda tena kwenye kiti chake, akatoa muhogo wa kuchemsha, akaanza kula. Dakika kumi baadaye Meya alifika na Bibi Anselima, uso wa Meya umevimba kwa mapele ya jana.

"Nasibu! Ziwa la jiji umelipeleka wapi?"

"Ziwa sijaligusa, Mstahiki. Nimezibua dimbwi lenu, azimio hili hapa. Ziwa lilikuwa upande ule."

Meya alimgeukia Mwanasheria. Bibi Anselima alisoma azimio, akasoma kifungu cha saba, akasoma muhuri wa kwanza na wa pili. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, alikaa kimya. Meya alitaka tingatinga liendelee hivyo hivyo, lakini dereva alisema, huku akitafuna, kwamba yeye hawezi kuanzia mahali pasipokuwepo, na kama wanataka abomoe basi wamletee maji kwanza.

Nasibu alifukuzwa kazi papo hapo, kwa barua yenye kosa la kusababisha ukavu bila kibali. Aliitia sahihi kuthibitisha ameipokea. Akamrudishia Kapalata mtaimbo, akampa mlinzi wa Halmashauri ndoo na brashi, akateremka kuelekea nyumbani mikono mitupu. Hakuwa na uhakika kama ana furaha. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, na kitu pekee alichokuwa anakijua vizuri duniani kilikuwa mistari miwili inayokatana.

Alifika kwenye baraza akasimama. X yake iliyopinda ilikuwa bado ukutani, ila kwenye dirisha mguu wake ulikuwa umekwisha kusuguliwa, na samawati imerudi. Ndani palisikika ndoo ikisogezwa sakafuni. Alikuwa na tope kuanzia kichwani hadi miguuni. Alipiga hodi.

Mwantumu alitokeza na tambara la kudekia mkononi. Alimtazama juu hadi chini. Siku tano zilikuwa zimepita bila neno, na kuku alikuwa uani, angeweza kuambiwa yeye.

"Baba Sikudhani," alisema, "hayo mabuti vulia huko huko nje. Ndani nimedeki."

Nasibu alikaa kizingitini, akaanza kufungua kamba za viatu, na machozi yakamtoka.